Mpwa wangu wa Mwanga, Kigoma mjini, alikamatwa Bujumbura 2015 akiwa na wanafunzi, akarudi Kigoma kama mkimbizi

Bin Kibirizi

Wakuu, mwakeye.

Kuna uzi kule jukwaa la siasa kuhusu vijana wa nje wanaokutwa kwenye maandamano ya nchi za watu, na wengi mmeshahukumu: kiherehere, katumwa, anatafuta umaarufu. Nimeusoma mpaka ukurasa wa mwisho nikaona niandike, kwa sababu huyo kijana mnayemchora mimi nimemlea. Ni mtoto wa dada yangu. Sasa ni mtu mzima na amenipa ruhusa. Majina hapana, na msinifuate PM.

Aprili 2015 alikuwa na miaka 17. Kidato cha nne kamaliza Novemba, matokeo yametoka Februari, anasubiri kupangiwa shule. Kijana wa Kigoma anayesubiri kupangiwa mnamjua: asubuhi yuko Kibirizi anaangalia boti, jioni kijiweni. Dada akaona bora aende Bujumbura kwa mama yake mdogo aliyeolewa Buyenzi, ajifunze Kifaransa na amsaidie baba mdogo kwenye duka la spea. Buyenzi, kwa wasioijua, ndiyo Uswahilini ya Bujumbura. Misikiti, gereji, mafundi, na Kiswahili ambacho mtu wa Ujiji anakisikia kama cha nyumbani. Akapanda mchomoko, gari dogo la abiria, mpaka Manyovu mpakani, akagongewa hati yake ya muda ya kusafiria, akavuka Mugina, akashuka Nyanza-Lac na Rumonge hadi mjini. Hati ikawekwa kabatini kwa mama mdogo, naye akasahau kwamba yuko nje ya nchi. Pale hakuna cha kumkumbusha. Muha anaelewana na Mrundi, na Kiswahili kila mtu anacho.

Baba mdogo ana kijana wa mke wa kwanza, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi, analala bweni kampasi ya Mutanga. Huyo ndiye mpwa wangu alikuwa anamfuata kila aendako.

Jumamosi tarehe 25 Aprili chama tawala, CNDD-FDD, kikampitisha Rais Pierre Nkurunziza agombee urais kwa mara ya tatu. Jumapili tarehe 26, sisi huku tunasherehekea Muungano, wenzetu wakaingia barabarani: Musaga, Cibitoke, Nyakabiga. Jumatatu serikali ikaifunga redio RPA, ile iliyokuwa inasikilizwa kuliko zote. Siku chache baadaye WhatsApp na Facebook zikagoma kwenye simu. Tarehe 30 chuo kikafungwa, wanafunzi wakaambiwa watoke mabwenini.

Mpwa wangu hakuenda kudai katiba, katiba yenyewe hajawahi kuiona. Alichofanya ni hiki: alikuwa na VPN kwenye simu, ile programu ya kufungua mitandao iliyofungwa, maana kijiweni Mwanga vijana walishaijua kwa mambo yao mengine ambayo si ya uzi huu. Yule ndugu yake akamwomba amwekee. Akaweka. Kesho yake wakaja wenzake watano. Wiki haijaisha, mtoto wa dada yangu anatembea kutoka Buyenzi kupitia Bwiza hadi Nyakabiga na simu mbili mfukoni, anawarushia wanafunzi programu kwa Bluetooth, analipwa soda. Basi, akawa mtu muhimu. Miaka 17, wanachuo wanamwita kwa jina!

Na akiwa pale anaona. Mawe na matawi yamelazwa barabarani, matairi yanawaka, filimbi, watu wanaimba wimbo wa taifa huku mikono juu. Polisi upande huu, waandamanaji upande ule, na wanajeshi wamesimama katikati, maana siku zile za mwanzo jeshi ndilo liliaminiwa na wote. Akapiga picha. Nani asingepiga?

Naenda kula, narudi na sehemu ya kukamatwa.

Mama Wawili

Naweka kambi. Lakini kaka, dada yako alipata wapi ujasiri wa kumpeleka mtoto Bujumbura Aprili ile? Mimi nilikuwa Kasulu, tangu katikati ya mwezi watu walikuwa wanavuka na magodoro.

Bin Kibirizi

Dada Mama Wawili, alikwenda Machi. Machi kulikuwa na maneno tu. Na nani Kigoma anayezuia safari kwa sababu ya maneno ya Burundi? Tungekuwa hatuendi kabisa.

Kahawa Chungu

Hii chai. VPN 2015 mtoto wa form four? Kigoma?

Gungu Flati

Kahawa Chungu wewe wa wapi? Kigoma 2015 tulikuwa na intaneti bwana, hatukuwa tunavua kwa mishale.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Niko Tabora, nasoma kwa makini, ila nianze na kosa la msingi. Mnaandika "mara ya tatu" kana kwamba ni jambo lililokwisha amuliwa. Nkurunziza 2005 alichaguliwa na bunge, hakupigiwa kura na wananchi. Katiba yao ya wakati ule, ibara ya 96, ilisema rais anachaguliwa na wananchi wote, miaka mitano, inarudiwa mara moja. Ibara ya 302 ilisema yule wa kwanza baada ya kipindi cha mpito anachaguliwa na bunge, kama jambo la pekee. Kwa hiyo kura ya wananchi alipigiwa 2010 tu. Mahakama ya Katiba ilikubali hoja hiyo mwanzoni mwa Mei 2015. Sasa wanafunzi waliandamana kupinga nini, sheria?

Mutanga Zamani

Mnyamwezi, nakujibu kwa heshima maana mimi ni Mrundi na nilikuwa mwanafunzi pale. Sasa niko Kasulu, msiniulize zaidi.

Mahakama unayoitaja, makamu wa rais wake, jaji Sylvère Nimpagaritse, alikimbilia Rwanda kabla hukumu haijasomwa, akasema majaji walikuwa wanatishwa. Hilo la kwanza. La pili, Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ule alioanza kuusimamia Mwalimu Nyerere na Mandela akaumalizia, unasema hakuna mtu atakayetawala zaidi ya vipindi viwili. Haujasema vipindi vya kuchaguliwa na nani. La tatu ndilo watu hulisahau: Machi 2014 serikali hiyohiyo ilipeleka bungeni mswada wa kubadili katiba, ukaanguka kwa kura moja. Kama katiba ilikuwa tayari inamruhusu, walitaka kuibadili ya nini?

Sisi hatukuwa wanasheria, lakini hesabu hiyo mtu yeyote angeifanya.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

La Machi 2014 nakupa. Mengine tutazungumza.

Bin Kibirizi

Nimerudi. Mutanga Zamani karibu sana, na ukiona nimekosea sema.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Kijana anatoka Nyakabiga kurudi Buyenzi, jioni, peke yake. Pale Bwiza kuna kizuizi. Wakamwomba karangamuntu, kitambulisho chao cha taifa. Hana, Mtanzania ataitoa wapi. Wakamwomba simu, wakafungua picha.

Mpaka hapo ni habari ya kawaida, vijana wangapi walikamatwa hivyo. Sasa sikilizeni kilichofuata, ndicho kilichonifanya niandike.

Akasema yeye ni Mtanzania. Kwa Kiswahili. Wakacheka. Bujumbura kuna watu kwa maelfu waliozaliwa na kukulia kambini Tanzania: wa 1972, wa 1993, na wale wa Mtabila waliorudishwa mwishoni mwa 2012 kambi ilipofungwa. Kiswahili chao ni cha Kigoma hasa, kile cha Kasulu na Kibondo. Kwa hiyo Kiswahili hakikumtenganisha na mtu. Akajaribu Kiha, mambo yakazidi kuharibika. Mmoja akamwambia, wewe ni wa Nyanza-Lac, wa Makamba, nawajua mnavyozungumza, umekuja mjini kuchoma matairi. Kadiri alivyojieleza ndivyo alivyozidi kuwa Mrundi!

Wakamlaza ndani, kituo gani sitaji. Humo ndani nako akakutana na wanafunzi wawili wa pale pale Nyakabiga. Walipomsikia anadai Utanzania wakamgeuzia mgongo. Waliona anawakana. Mtu uliyekula naye soda mchana, usiku anasema simjui, mimi si wa kwenu. Anasema hiyo ilimuuma kuliko vibao, na vibao alipigwa.

Asubuhi baba mdogo akaja na hati kutoka kabatini. Ikazungushwa, ikaangaliwa muhuri wa Mugina kwenye jua, zikazungumzwa habari nyingine ambazo mnaweza kuzikisia, akatoka. Simu hazikutoka.

Wakili wa Kijiweni

Hapa niweke la kisheria kwa faida ya wenye watoto nje. Mkataba wa Vienna wa mahusiano ya kikonseli wa 1963, ibara ya 36: mgeni akikamatwa lazima aambiwe kwamba ana haki ya ubalozi wake kupewa taarifa, na akitaka, taarifa ipelekwe bila kuchelewa. Maofisa wa ubalozi wana haki ya kumtembelea na kumtafutia wakili. Ubalozi wetu upo Bujumbura, na pale Kigoma mjini kuna konseli ya Burundi. Kijana wa miaka 17 ni mtoto, kwa hiyo na haki za mtoto zinaingia. Familia ingepiga simu ubalozini usiku uleule badala ya kusubiri asubuhi.

Bin Kibirizi

Mkuu, yote kweli. Lakini hiyo ibara inaanza na neno mgeni. Nani anayeamua kwamba wewe ni mgeni saa mbili usiku pale Bwiza? Mzungu angekamatwa pale, ngozi ingemtangulia kujieleza. Mkenya labda lafudhi ingemwokoa. Mtoto wa Kigoma hana chochote mwilini wala mdomoni cha kumtofautisha na mtu wa Makamba. Mpaka ni mstari wa kwenye ramani, na yeye bahati mbaya hakubeba ramani.

Wakili wa Kijiweni

Ndiyo maana hati haikai kabatini. Nakala mfukoni, picha ya hati kwenye simu ya mtu mwingine, namba ya ubalozi kichwani. Si kwenye simu, kichwani, maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Mzee wa Katubuka

Mimi ni mtu mzima nisemeje. Mchuma janga hula na wa kwao. Yule kijana angekaa dukani kwenye spea zake yasingemfika. Amemtia baba mdogo gharama, mama mdogo presha, dada yako huku hali, halali. Na mngefiwa je? Siasa za Burundi zinaua, sisi wa Kigoma tunapokea maiti na wakimbizi tangu nikiwa kijana.

Mama Wawili

Mzee shikamoo. Lakini mtoto amewekea watu programu kwenye simu, hajarusha jiwe.

Mzee wa Katubuka

Marahaba mwanangu. Serikali iliyozima WhatsApp, anayeiwasha kwao ni adui kuliko mrusha mawe. Mimi nimefanya kazi ya usalama wa bandari, najua wanavyofikiri.

Kahawa Chungu

Hapo mzee kaongea pointi.

Mutanga Zamani

Mzee wangu, ni kweli kabisa, na ndiyo maana sisi tulimpenda mtu yeyote mwenye VPN. Niwaeleze upande wetu kidogo.

Chuo kilipofungwa, wengi wetu tulikuwa wa mikoani. Kurudi nyumbani ilikuwa hatari, maana huko mikoani Imbonerakure, vijana wa chama, walishajua nani ni mwanafunzi wa Bujumbura, na mwanafunzi wa Bujumbura tayari ni muasi. Nauli nayo hakuna. Ndipo tukaenda kulala nje ya ubalozi wa Marekani. Watu walituuliza sana kwa nini Wamarekani. Si kwamba tunawapenda. Tulifikiri tu, hapa mbele ya kamera zao hawatatupiga risasi. Tulikuwa mia kadhaa, tukafunga maturubai, wasamaria wakaleta wali na maharage. Tukakaa Mei nzima.

Tarehe 13 Mei, siku Nkurunziza yuko Dar kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Jenerali Niyombare akatangaza kumpindua. Watu wakacheza barabarani, na mimi nilicheza, siwafichi. Tarehe 15 mambo yakaisha, waliopindua wamepinduliwa, na redio zilizobaki, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, zilishavamiwa na kunyamazishwa. Baada ya hapo hakuna aliyesimama katikati tena.

Tarehe 25 Juni polisi wakaja pale ubalozini kututoa. Tulikimbilia lango. Lile lango lina uwazi chini. Vijana wakalala kifudifudi wakapenya chini yake mmoja mmoja mpaka kwenye maegesho ya magari ya ubalozi. Picha mliziona dunia nzima. Siku hiyohiyo tukatoka mikono juu, na kila mtu akashika njia yake.

Sasa neno moja kwa Bin Kibirizi. Wale wawili waliomgeuzia mgongo ndani, usiwahukumu. Kila mmoja wetu mle alitamani kuwa na hati kabatini. Mpwa wako alikuwa nayo.

Bin Kibirizi

Nimekusikia ndugu yangu. Sikuwahukumu, na yeye hakuwahukumu.

Gungu Flati

Aisee uzi umekuwa mzito. Mimi nakumbuka Kibirizi ile Mei, huwezi kupata nafasi ya kukanyaga.

Bin Kibirizi

Ngoja nimalizie, maana sehemu ya Kigoma ndiyo yenyewe.

Baada ya mapinduzi kushindwa, baba mdogo akasema kijana arudi kwao. Hati yake ilikuwa bado kule kituoni, hawakuirudisha, wakasema aifuate wiki ijayo. Hakuna mtu mwenye akili angeifuata. Akaunganishwa na familia ya jirani iliyokuwa inakuja Tanzania, wakapanda gari mpaka karibu na Nyanza-Lac. Huko mbele kulikuwa na vizuizi vya vijana wanaorudisha watu, kwa hiyo njia ya Mugina ikafa. Wakashika milima kwa miguu usiku, wakatelemkia Kagunga.

Waliofika Kagunga wanajua. Kijiji chetu cha mwisho kaskazini, mlima nyuma, ziwa mbele, barabara ya gari wakati ule haikuwepo. Mei ile kulikuwa na makumi ya maelfu ya watu ufukweni, wanalala kwenye mchanga, wanakunywa maji yaleyale wanayooga. Kipindupindu kikaingia. Waliougua walifika maelfu na waliokufa walizidi 30, wakiwemo wenyeji. Kijana anasema harufu ile anayo mpaka leo.

Liemba ndiyo ilikuwa inawatoa. Meli ya Mjerumani, imejengwa 1913, imeshuka majini Kigoma 1915, ikazamishwa na wenyewe 1916 na kuibuliwa 1924. Imebeba kila kitu ziwa hili, na Mei ile ikabeba watu kama 600 kila safari. Meli haikufika ufukweni Kagunga, unapelekwa kwa boti mpaka ubavuni mwa meli, unapanda. Naye akapanda. Kwenye boti alijaribu kumwambia mtu kwamba yeye ni wa Mwanga, akaambiwa panda, wote mnakwenda Kigoma.

Kigoma wakapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Pale ndipo kituo cha kupumzika kabla ya mabasi ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wakuu, kutoka uwanja ule kwenda nyumbani ni bodaboda ya dakika chache. Mtoto amekaa ndani ya uzio anasikia adhana ya msikiti anaoujua, na hawezi kutoka.

Akafika mezani. Akasema, mimi ni Mtanzania, kwetu Mwanga. Yule ofisa hakushtuka, akamwambia wengi wanasema hivyo. Simu hana, hati hana, cheti cha kuzaliwa kiko kwa mama yake, na mama yake hajui kama mtoto yuko uwanjani, anafikiri yuko Buyenzi. Akaambiwa aimbe wimbo wa taifa. Akaimba beti zote mbili! Ofisa akasema, huu hata wa Mtabila wanaujua. Kwa Kiha ndiyo kabisa, hakuthubutu tena. Bujumbura kilimfanya Mrundi, sasa kwao kimfanye nini?

Akaandikiwa karatasi ya basi.

Aliyemwokoa ni kijana wa kujitolea, mwalimu wa sekondari, aliyekuwa anasaidia kugawa maji. Alisikia mabishano akauliza: umemaliza kidato cha nne lini? Mwaka jana. Namba yako ya mtihani? Akaitaja bila kufikiri, namba ya shule na yake. Mwalimu akatoa simu, akafungua matokeo ya Baraza la Mitihani. Pale jina hakuna, kuna namba, jinsia na alama. Akaanza kumuuliza somo moja moja. Kiswahili? B. Historia? C. Jiografia? C. Baiolojia? D. Hisabati?

"F."

Mwalimu akamgeukia ofisa akamwambia, huyu ni wetu, hakuna mtu anayeweza kukariri F ya mwenzake.

Akatoka getini jioni hiyohiyo. Dada alikuwa anaanika dagaa.

Mama Wawili

Nimecheka na machozi yananitoka. F ya Hisabati!

Kahawa Chungu

Matokeo ya 2014 yalikuwa division ngapi? Jibu haraka tukupime.

Bin Kibirizi

Hayakuwa na division bwana mpelelezi. Mwaka ule walitumia GPA: Distinction, Merit, Credit, Pass. Division zilirudi mwaka uliofuata. Alipata Credit.

Kahawa Chungu

Sawa. Chai, ila ina tangawizi. Naendelea kunywa.

Mzee wa Katubuka

Huyo ofisa wa mezani msimlaumu. Watu maelfu, kipindupindu, usiku na mchana. Kila mtu anaweza kusema kwao Mwanga.

Bin Kibirizi

Mzee, simlaumu kwa kuchoka. Ila sisi watu wa Kigoma tumezoea kupimwa hivi hata pasipo kipindupindu. Nenda Dar na lafudhi yako, utaulizwa babu yako alizaliwa wapi. Hilo linajulikana. Kwa hiyo mkisema kijana wa nje asiingie mambo ya nchi za watu, mimi nauliza nje ni wapi kwa mtu wa Manyovu au Kagunga. Mashamba yamepakana, wake wametoka huku na huku, redio tuliyokuwa tunasikiliza ni RPA na Isanganiro. Walipofunga redio zile walitufungia na sisi. Kijana yule aliwekea ndugu zake programu, kwa sababu ni ndugu zake. Kama huo ni ugeni, basi ugeni huo haukumlinda na chochote. Ulimsubiri nyumbani kumzuia kuingia.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Hapo unachanganya udugu na uraia. Ndugu unao hata Kalemie, lakini kura hupigi Kongo. Maandamano ni jambo la raia. Mgeni akiingia, hata kwa nia njema, anaipa serikali maneno: mnaona, wametumwa kutoka nje. Serikali zote husema hivyo, kwa nini uwape ushahidi?

Mutanga Zamani

Wangesema hata bila ushahidi. Walisema sisi wote tumetumwa na Kigali.

Na ngoja nikupe la watoto wenyewe, wasio wageni. Juni 2016, mwaka mmoja baadaye, wanafunzi wa sekondari walikamatwa Muramvya kwa kuchorachora picha ya rais kwenye vitabu vya shule, na pale Ruziba zaidi ya 300 wakafukuzwa kwa kosa hilohilo. Machi 2019 wasichana watatu wa Kirundo wakawekwa ndani, tena kwa kuchora kitabu. Hao walikuwa raia halali kabisa. Uraia wao uliwasaidia nini?

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Hilo la vitabu ni aibu, sina utetezi. Ila hoja yangu ya wageni bado imesimama.

Gungu Flati

Isimame tu mkuu, ikichoka itakaa. Mleta mada, yule mwanachuo ndugu yake aliishia wapi?

Bin Kibirizi

Alikuwepo pale ubalozini mpaka ile Juni 25. Akavukia Rwanda, akakaa kambi ya Mahama, akaja kumalizia masomo hukohuko. Baba mdogo bado yuko Buyenzi na spea zake. Mpwa wangu alipangiwa shule Julai, akasoma masomo ya sanaa, Hisabati akaachana nayo kwa amani. Sasa anapeleka mizigo Kalemie na Uvira.

Mama Wawili

Na mama yake siku hizi anamruhusu kwenda Bujumbura?

Bin Kibirizi

Anakwenda. Pasipoti ya kitabu, ile ya Afrika Mashariki, na nakala mbili anaacha kwangu. Wakili wa Kijiweni atafurahi.

Wakili wa Kijiweni

Nimefurahi. Na namba ya ubalozi?

Bin Kibirizi

Nitamuuliza.

Mutanga Zamani

Bin Kibirizi, muulize na hili. Pale Nyakabiga, wiki ile ya kwanza, kuna mtoto aliniwekea VPN kwenye Tecno nyeusi yenye kioo kilichopasuka pembeni. Alikuwa mwembamba, anasema "aisee" kila neno la tatu, na alikataa hela yangu akataka soda ya chungwa. Tulikuwa tunamwita Kigoma.

Gungu Flati

Haaa! Jamani!

Kahawa Chungu

Sasa hii ndiyo chai yenyewe, maziwa na iliki. Mmepanga nyie.

Bin Kibirizi

Yuko Kalemie, mtandao wa shida. Nimemtumia ujumbe, akijibu naweka hapa. Mods msifunge uzi.